Kijana akitaka kupunguza uzito, nyumba nzima ina kazi

Kwa miaka niliyofundisha bayolojia na kusimamia michezo katika shule za sekondari hapa Pwani, vijana wengi wamenijia wenzao wakishatoka darasani na kuniuliza swali moja kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nifanye nini nipungue?" Wengine wana miaka 13, wengine 17. Wengi huwa wameshajaribu njia zao wenyewe: kulala na njaa, kunywa maji moto na ndimu, au kukimbia siku tatu mfululizo mpaka magoti yakauma, kisha wakaacha.

Mwaka jana swali hilo liliingia katika ukoo wangu. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 15, aliniambia, "Mjomba, nimechoka kuwekwa golini." Katika mpira wa mtaani mtoto mnene huwekwa golini bila kuulizwa, na yeye alitaka kucheza mbele. Nimefuatana naye kwa miezi minane. Hapa nimekusanya yale ninayowaambia vijana na wazazi wao, nikayapanga kwa vichwa ili kila mtu apate analolitafuta.

Nianze na la msingi. Kijana wa miaka 15 kwa kawaida hapiki, haendi sokoni na hapangi saa ya kula. Kumwambia "jizuie" huku sufuria ni ile ile ni kumdai kitu ambacho hana mamlaka nacho. Mabadiliko yanayodumu ni yale yanayofanywa na nyumba nzima, mnene na mwembamba kwa pamoja.

Kwanza apimwe, asikisiwe kwa macho

Macho hudanganya. Kuna mtoto anayeitwa mnene kwa sababu ndugu zake ni wembamba sana, na kuna mwingine ambaye uzito wake umeshazidi lakini nyumbani wanasema amenawiri.

Kipimo kinachotumika ni kugawanya uzito kwa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mpwa wangu alikuwa na kilo 88 na urefu wa mita 1.66, na hesabu yake ilitoa 31.9. Kwa mtu mzima, kuanzia 25 ni uzito uliozidi na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa kijana, mipaka hiyo haitumiki moja kwa moja, kwa sababu mwili wake bado unakua. Shirika la Afya Duniani lina chati za umri wa miaka 5 hadi 19, za wavulana mbali na za wasichana mbali, na afisa wa lishe hospitalini anajua kuzisoma. Mpeleke huko kabla ya kubadilisha lolote, na hasa kabla ya kumwambia mtoto kwamba ni mnene.

Jambo jingine la kujua ni kwamba kijana anayerefuka huenda hahitaji kupunguza kilo nyingi. Mara nyingine inatosha uzito usimame mahali pamoja huku urefu ukiendelea. Kwa aliyezidi sana, kupungua taratibu kunafaa, na nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Mwezi ukipita bila mizani kusogea, si lazima kuwe na kosa.

Dalili zinazotaka daktari

Zipo dalili ambazo hazifai kusubiri mpango wa nyumbani:

- Shingo au makwapa kuwa meusi na ngozi kuwa nene kama mahameli. Akina mama wengi hudhani ni uchafu, wakamsugua mtoto kwa dodoki mpaka akalia. Mara nyingi hiyo ni alama kwamba mwili unapata shida kutumia insulini, na kijana anafaa kupimwa sukari.
- Kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, hasa usiku.
- Kukoroma sana na pumzi kukatika usingizini, kisha kusinzia darasani.
- Maumivu ya nyonga au goti yanayomfanya achechemee. Kijana mzito anayechechemea asiambiwe akaze mazoezi. Aonwe na daktari haraka, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimeteleza.
- Msichana ambaye hedhi yake imekatika au inakuja ovyo miezi mingi.

Sinia na kipimo cha chakula

Watu wa nje hutuambia tuache vyakula vyetu. Mimi sikubali. Mbaazi, samaki wa kuchoma, mchicha, kisamvu, mtoriro, kunde, bamia, muhogo wa kuchemsha, mapapai na maembe ni vyakula ambavyo afisa wa lishe yeyote angevisifu. Shida yetu iko katika kipimo, mafuta na sukari.

Chukua kula katika sinia. Ni desturi nzuri inayotuweka pamoja, lakini hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kijana mwenye mkono mwepesi humaliza upande wake na kuhamia wa jirani, na mama naye huongeza wali katikati kila unapopungua. Nyumbani kwa dada yangu hawakuliondoa sinia. Walifanya mambo matatu. Wali ulipungua na mboga ikaongezwa mpaka ikachukua karibu nusu ya sinia. Samaki au nyama iligawanywa mapema, kila mtu na kipande chake. Na sufuria ilibaki jikoni, anayetaka kuongezewa anainuka mwenyewe na kusubiri dakika kumi kwanza. Dakika hizo zina maana, kwa kuwa tumbo huchelewa kuiambia akili kwamba limeshiba.

Mafuta na tui

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Ukimimina kwa kukisia moja kwa moja kutoka kwenye mtungi, unaweza kuweka vijiko sita bila kujua. Dada yangu alianza kupima kwa kijiko, na mafuta ya wiki yakaanza kumfikisha karibu wiki mbili. Hapo hata mumewe akaunga mkono mpango.

Nazi nayo ina mafuta mengi. Sisemi tuache wali wa nazi, maana sitaki kufukuzwa mjini. Lakini tui zito si lazima kila siku. Mbaazi na mchicha hupikika vizuri kwa tui jepesi, na tui zito likabaki la Ijumaa na la wageni. Samaki akichomwa au akipikwa mchuzi, anafaa kuliko yule aliyezama kwenye karai.

Hamri moja la kawaida linaweza kuwa na kalori 150 hadi 200, kutegemea ukubwa wake na mafuta liliyonywa. Kijana akila matatu asubuhi na matatu jioni, hesabu yake inapita chakula cha mchana. Watu hulaumu mbaazi kwa kuwa zina nazi, kumbe mbaazi zina protini na nyuzinyuzi zinazoshibisha. Kinachohitaji kuhesabiwa ni hamri. Tulipatana hivi: hamri moja, bakuli la mbaazi, na kipande cha papai.

Viazi karai, bhajia, kachri na chipsi za njiani ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu huliwa kwa pesa za mfukoni na wenzake wapo. Tulimwachia siku mbili kwa wiki, azichague mwenyewe. Kijana aliyekatazwa kabisa hula kwa siri, na cha siri hakipimwi.

Vinywaji vitamu

Kama kijana angeweza kubadilisha jambo moja tu, ningemwambia aanze hapa. Soda ya kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina vijiko vya chai saba au zaidi, na ile ya nusu lita inapita kumi na mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa siku. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 ni gramu 50, yaani vijiko kumi na viwili, na linasema kushuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Soda moja ya nusu lita imeshamaliza siku nzima.

Juisi za nyumbani zisitudanganye. Ukwaju na maembe ni matunda mazuri, lakini jagi lililotiwa kikombe cha sukari ni ndugu ya soda. Chai ya vijiko vitatu mara mbili kwa siku ni vijiko sita. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda na si baya mara moja moja, lakini maji ndiyo kinywaji cha kila siku. Mabuyu ya rangi nayo yahesabiwe pamoja na peremende, maana ubuyu wenyewe umefunikwa na sukari.

Mazoezi, na kwa nini hayatoshi peke yake

Kijana wa kilo 85 akitembea kwa haraka nusu saa hutumia takriban kalori 150. Soda ya nusu lita ina karibu 200 na huisha kwa dakika tano. Ndiyo maana anayekimbia bila kugusa chakula hukata tamaa. Hata hivyo mazoezi yana faida zake hata mizani ikigoma: moyo hupata nguvu, mwili hutumia sukari vizuri zaidi, usingizi huwa mzito na fikra hutulia.

Umri wa miaka 5 hadi 17 unashauriwa kupata wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na mazoezi makali na ya kujenga misuli na mifupa. Si lazima dakika 60 ziwe za mfululizo. Kutembea kwenda shule dakika 20, kucheza mpira dakika 30 na kazi za nyumbani dakika 10 ni siku iliyokamilika. Kijana anayepanda bodaboda kwa mwendo wa kilomita moja anaweza kuanzia hapo, na nauli akaiweka.

Mpwa wangu alianza na dakika kumi. Tuliongeza dakika tano kila wiki. Kipimo chetu kilikuwa ulimi wake: awe anaweza kuongea huku akitembea, lakini asiweze kuimba. Jumamosi tulikuwa tukienda Mama Ngina, siku nyingine uwanja wa Makadara, na siku ya maji kupwa tulitembea kwenye mchanga wa ufuo wa Pirates kule Bamburi. Mwezi wa tatu alianza kukimbia kidogo katikati ya kutembea. Nyumbani alifanya kuchuchumaa na kuinuka, na kujisukuma kwa mikono akianza ukutani kabla ya kushuka sakafuni.

Joto letu si la mchezo, hasa kati ya Januari na Machi. Nenda baada ya Alfajiri au jua likishapoa jioni, na uwe na maji. Kuogelea kunamfaa sana mwenye mwili mzito, kwa kuwa maji hubeba magoti. Lakini baharini asiende peke yake, na ajue maji yanajaa saa ngapi.

Wasichana wapate nafasi yao

Mvulana akitoka na viatu vya mpira hakuna anayemtazama. Msichana akitoka hivyo, baraza zima linageuka. Wapo wanaoambiwa wafanye mazoezi, kisha wanaambiwa wasionekane wakiyafanya. Hilo ni la sisi wazazi kulitatua.

Nimeona njia zinazofanya kazi. Mama na binti zake hutoka pamoja baada ya Alfajiri, wanawake watano au sita wa mtaa mmoja, kila mmoja na nguo ya stara iliyo pana na nyepesi. Wengine hutumia dari ya nyumba kuruka kamba na kucheza kati kama tulivyocheza utotoni. Ngoma na nyimbo za harusi zikipigwa chumbani nusu saa, jasho litatoka kuliko mahali pengi panapolipisha. Shuleni, kipindi cha michezo cha wasichana kisigeuzwe kuwa kipindi cha hesabu. Mzazi ana haki ya kuuliza.

Usingizi

Umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Kijana anayeshika simu hadi saa sita za usiku na kuamka saa kumi na moja amepata saa tano. Asiyelala vya kutosha huona njaa zaidi na hutamani vitu vitamu. Kwa dada yangu simu zote hulala sebuleni kuanzia saa nne, ya baba pia. Bila ya baba, sharti lisingesimama wiki moja.

Mwezi wa Ramadhani

Wengi hudhani kufunga kutawapunguza, kisha Idi inafika wakiwa wameongezeka. Sababu iko mezani wakati wa magharibi: kaimati, sambusa, viazi, mikate ya sinia na juisi mbili, vyote kwa saa moja. Anayetaka kujitunza afungue kwa tende na maji, aswali, kisha ale chakula kimoja kamili chenye mboga. Vya kukaanga viwe aina moja kwa siku, vipokezane. Daku lisiachwe, maana anayefunga bila daku hufungua kwa pupa. Matembezi yafanywe baada ya kufuturu, na Tarawehe nayo inamsimamisha mtu.

Njia za kukimbia

Vijana wanauziwa chai za kupunguza tumbo na vidonge visivyojulikana vimetoka wapi. Nyingi ya chai hizo ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale. Kilo mbili zilizopungua Jumatatu hurudi Jumatano, na anayezinywa kila siku anaweza kuhatarisha hata mapigo ya moyo.

Kukaa bila kula siku nzima, kujitapisha, au kuacha kabisa wali na mkate pia havifai mwili unaojenga mifupa. Mzazi akiona mtoto anakimbilia msalani kila akimaliza kula, anaficha chakula, au anajiita mnene huku mifupa inaonekana, aache mazungumzo ya mizani na amtafutie daktari au mshauri. Huo nao ni ugonjwa, na unaua.

Ulimi wa nyumbani

Hili nimeliacha nyuma kwa kuwa ndilo zito. Bonge, tipwatipwa, gunia: majina haya tunayaita mzaha, lakini sijaona mtoto aliyepungua kwa kuchekwa. Nimeona walioacha kwenda kiwanjani, walioacha kula mbele ya watu na kula gizani, na mmoja aliyeacha shule kwa muhula mzima.

Upande wa pili kuna mapenzi yanayopimwa kwa chakula. Bibi yake mpwa wangu alipoona amri ya hamri moja, alikuwa akimfichia mengine mawili chini ya kawa. "Mtoto atadhoofu, watu waseme hatumlishi," alisema. Dada yangu hakubishana na mama yake. Alimwomba awe msimamizi wa mboga. Bibi akaanza kutuhadithia kwamba utotoni mwake mahamri yalikuwa ya Idi na ya wageni, siku nyingi wakila muhogo wa kuchemsha na samaki wa kuchoma. Sasa mtoriro wa nyumba ile unapikwa na yeye, na hakuna anayeuacha kwenye sinia.

Kwa kijana, semeni afya na nguvu, msiseme umbo. Msimpime kila siku. Mara moja kwa wiki mbili inatosha, faraghani. Asifanywe yeye peke yake kula majani huku ndugu zake wakila chipsi mbele yake. Na sifa ziende kwa analolifanya, kama vile kutembea siku tano, wala zisisubiri kilo.

Kilichopatikana kwa miezi minane

Mpwa wangu sasa ana kilo 84 na urefu wa mita 1.69. Hesabu yake imeshuka kutoka 31.9 hadi 29.4. Kwa chati za umri wake bado uzito umezidi, na afisa wa lishe ameridhika na mwendo huo. Kuna mwezi alioongezeka kilo moja, mwezi wa harusi mbili za ukoo, na hakuna aliyemgombeza. Baba yake, ambaye hakuwa katika mpango wowote, suruali zake zimemlegea.

Anayetaka kuanza wiki hii na asijue pa kushika, ashike haya manne: maji badala ya soda, mafuta yapimwe kwa kijiko, mboga ichukue nusu ya sinia, na nusu saa ya kutembea na mtu wa nyumbani. Yakizoeleka kwa mwezi mmoja, aongeze jingine. Mtaani hivi sasa mpwa wangu anacheza beki wa kulia. Mbele bado hajafika, lakini golini wamemtafuta mtu mwingine.